Bibi Maendeleo na Keki ya Nyumba

Siku aliyokuwa akipamba keki, Bibi Maendeleo hakutaka mtu ataje mvua. Ukifika kwake Masuguru, mtaa wetu wa Korogwe, ukasema, kwa wema tu, kwamba wingu limekaa vibaya upande wa milimani, alikutazama kana kwamba wewe ndiye uliyelileta. Sukari ya kupambia haikauki hewa ikiwa na unyevu. Hulegea, huteremka, na kilichokuwa ua asubuhi huwa kamasi mchana. Hilo nililielewa. Lakini jua kali nalo alilihofia, maana sukari ikikauka upesi hupasuka, na upepo aliuhofia kwa sababu ya vumbi. Sikuwahi kuona hali ya hewa iliyomridhisha.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na jirani yake, kati yetu uzio wa minyaa tu. Yeye alikuwa mtumishi wa maendeleo ya jamii, na watu walimwita kwa cheo hicho tangu Handeni alikoanzia kazi mpaka Korogwe alikohamishiwa. Jina lake la kuzaliwa nalijua, ila nikilitaja hapa waliomfahamu watadhani nasimulia mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kuzungukia vijiji kwa baiskeli akiwafundisha kina mama kuchemsha maji, kuchimba vyoo na kuwapikia watoto uji wa karanga. Keki hazikuwamo kabisa katika kazi hiyo. Alizitengeneza kwa ajili ya marafiki zake, wakiwa na harusi, wakipata mtoto, wakistaafu, na hakuna kazi ya serikali iliyompa homa kama hizo keki.

Hakupenda keki ya duara. Ukimwambia kuna sherehe, swali lake la kwanza lilikuwa, "Huyu mtu anapenda nini?" Ukishajibu, umekwisha, kwa kuwa jibu lako ndilo litakalokuwa keki. Mkuu wa stesheni alipostaafu alipata injini ya treni yenye magurudumu ya biskuti. Fundi wetu wa nguo alipata cherehani, na gurudumu lake la pembeni lilidondoka njiani likaliwa na mbwa. Mkunga wa zahanati alipata kitanda chenye mtoto mchanga ndani, mtoto aliyefanana na kiazi kitamu, na mkunga akambusu kichwani hivyo hivyo.

Oveni hakuwa nayo. Aliokea kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, akifunua na kufunika mpaka nikawa namshika mkono. "Dada, iache iive!" Kisha akaipasua kwa uzi, akaiunga kwa jemu ya papai aliyoipika mwenyewe, akachonga umbo kwa kisu kidogo. Rangi ya njano ilitoka kwenye bizari ya manjano, kijani kwenye maji ya mchicha, nyekundu kwenye choya, yale maua ya kutengenezea juisi, kahawia kwenye sukari iliyounguzwa. Sukari ya kupambia tuliisaga sisi wenyewe kwenye kinu, tukaichekecha kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa, tukaipiga na ute wa yai na ndimu. Aliitia kwenye kifuko cha karatasi, akashusha pumzi, akaanza kuchora. Mkono wake ulitulia wakati huo tu. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, akaitazama kazi yake kwa huzuni, akasema maneno yale yale tuliyoyajua sote: "Hapana. Kuna kitu nimesahau."

Mara nyingine kweli alikuwa amesahau. Alipokuwa bado Handeni, familia moja ya wafugaji ilimaliza kumsomesha binti yao uuguzi, na mama wa yule binti, aliyekuwa akisali naye kanisa moja, alimwomba atengeneze ng'ombe. Akatengeneza ng'ombe amelala, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, pembe za maganda ya chungwa. Alimfunga kwa kanga juu ya ungo, akapanda naye lori mpaka nyikani. Wazee wakamzunguka yule ng'ombe, wakamtazama huku wameegemea fimbo zao. Mwishowe mmoja akauliza, "Huyu ana ugonjwa gani? Nundu yake imekwenda wapi?" Maskini Bibi Maendeleo alikuwa amemnakili ng'ombe kutoka kwenye kopo la maziwa, ng'ombe wa Ulaya mwenye mgongo ulionyooka kama meza. Alisema nusura azimie. Alichukua sukari iliyobaki akambandikia nundu hapo hapo mbele ya macho ya watu, huku mzee akimwelekeza, "Mbele kidogo. Hapo. Ongeza."

Hayo yalipita, kikaja kisu. Alipokielekeza shingoni, yule mama akamshika mkono, hawaanzi hapo. Ng'ombe yule aligawanywa kama wanavyogawa nyama, kila sehemu na wenyewe: wazee na yao, kina mama na yao, vijana na yao. Watoto walipata mkia. Bibi Maendeleo alisimulia kisa hiki mara nyingi, watu wakacheka mpaka machozi, lakini yeye hakucheka. "Ningewaudhi," alisema. "Wangeniona nimewafanyia mzaha juu ya mali yao."

Wakati wa Uhuru, kabla sijamjua, alitengeneza bendera. Alisema haikumpa tabu, kijani na njano alikuwa nazo na nyeusi alipata kwa sukari iliyoungua kupita kiasi. Tabu ilikuja kwenye kukata. Nani angetia kisu kwenye bendera siku yenyewe ya Uhuru? Mwenyekiti alimsogezea kisu katibu, katibu akamsogezea mgeni rasmi, mgeni rasmi akakumbuka kwamba meno yanamuuma. Keki ikakaa pale mezani mpaka sisimizi wakaipata, nao hawakuomba ruhusa ya mtu. Muungano ulipokuja bendera mpya ikawa na buluu, na watu wakamwomba tena. Alikataa katakata. Alisema hajui kitu cha kuliwa chenye rangi ile, na hataki kuwa mtu wa kwanza kulisha watu bluu ya kufulia.

Miaka ikaenda, mambo yakawa magumu. Sukari ilipofika duka la ushirika habari zilienea mji mzima kabla gunia halijafunguliwa. Ndipo ikaanza desturi yetu: mtu akiwa na sherehe, marafiki zake wote walileta sukari kidogo, huyu kwenye kikombe, yule kwenye pindo la kanga, na Bibi Maendeleo akaimimina kwenye mtungi uliokaa chini ya kitanda. Hakutaka malipo. Alichokuwa nacho kwa wingi ni hofu. Mchana alisimama mikutanoni akiwaambia watu tujitegemee, tuache anasa, tule vya shambani. Jioni alikuwa anachora mawaridi ya sukari. Nilimtania kwamba siku moja atajikamata mwenyewe.

Siku moja tukiwa katikati ya kusaga, balozi wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani kwetu, akabisha hodi. Mlio wa kinu chenye sukari si mlio wa kinu chenye mahindi, mtu yeyote aliyekulia jikoni anaujua. Bibi Maendeleo alimwaga mahindi juu ya sukari yote, akaniambia nitwange, akaenda kufungua mlango akiwa na unga mweupe kwenye nyusi. Balozi alizungukazunguka maneno, akaulizia afya, akaulizia baiskeli, akatazama kinu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, mke wangu amejifungua pacha. Nilikuwa naomba, kama itawezekana, uwafanyie pacha." Akatoa mfukoni kifurushi cha sukari kilichofungwa kwa gazeti. Siku hiyo nzima tulichambua mahindi punje kwa punje, na tulikuwa na hasira hata hatukuweza kucheka.

Sasa niseme juu ya Mama Zaina, kwa sababu bila yeye nitakuwa nimemchora rafiki yangu nusu.

Mama Zaina alikuwa mjane, mkulima wa upande wa Makuyuni. Walikutana kwenye kisomo cha watu wazima. Bibi Maendeleo alimfundisha kusoma, naye akamfundisha Kizigua na kumsahihisha bila huruma. Waliitana "mwenzangu". Siku za soko Mama Zaina alikuja na mzigo wake mpaka Masuguru, akakaa kwenye kigoda jikoni, akazicheka keki. "Mwenzangu, treni hii inafika Tanga?" Ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kucheka kabla keki haijakauka. Nilikuwa nawaonea wivu, nakiri.

Nyumba yake Mama Zaina aliijenga na marehemu mumewe. Ilikuwa ya udongo, imesimama vizuri, na baraza ya saruji na mlango wa kijani ambao mumewe aliupaka rangi mwenyewe. Zaina alipochumbiwa, Mama Zaina alikuja jikoni akasema, "Mimi sitaki maua wala nini. Nifanyie nyumba yangu. Hii hii, na mlango wake. Mwanangu akiingia kwa mume, wajue ametoka nyumba gani."

Ulikuwa wakati wa watu kuhamia vijiji vya pamoja. Bibi Maendeleo alitumwa kuzungumza na kina mama, na nataka ieleweke kwamba aliyaamini aliyoyasema. Alikuwa amezika watoto wengi mno wa watu, walioharisha mbali na zahanati. Maji ya bomba, shule, mganga karibu, aliyaona kabisa machoni pake. Mama Zaina naye hakukataa kuhama. Aliomba kitu kimoja tu, harusi itokee nyumbani kwake. "Ikishapita nitahama mwenyewe," alisema, "na mlango wangu nimeubeba."

Bibi Maendeleo akaenda kuuliza ofisini. Akaambiwa malori ya kuhamisha watu hayafiki upande ule mpaka mavuno yapite. Alirudi mbio na baiskeli mpaka Makuyuni kumpa rafiki yake habari. Nilikuwa naye, nilimsikia. "Hawafiki huku kabla ya harusi, mwenzangu. Niamini mimi."

Walifika wiki ya harusi yenyewe. Malori yalikuja asubuhi, vyombo vikapakiwa, na mapaa yakang'olewa ili mtu asirudi. Habari zilitufikia keki ikiwa imeshamaliza kuchongwa. Ilikuwa mezani chini ya chandarua, miguu ya meza kwenye makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi, na mlango wake wa kijani ulikuwa bado mbichi. Bibi Maendeleo alikaa chini sakafuni. Aliinua macho kuitazama ile keki, nami nikajua anawaza kuipeleka hivyo hivyo.

"Ivunje," nikamwambia. "Tuifanye duara."

"Aliomba nyumba."

"Aliomba alipokuwa nayo, dada."

"Sukari nyingine hakuna. Na nikimpelekea duara, nitakuwa namwambia kwamba ile nyumba haikuwapo."

"Na ukimpelekea nyumba?"

Alisimama akaanza kutafuta ungo wa kuibebea. Mpaka leo sijui lipi lilikuwa sawa, na nimelifikiria kuliko mambo yangu mwenyewe.

Kijiji kipya kilikuwa miti iliyosimikwa na nyasi zilizokanyagwa. Harusi ilifanyika chini ya turubai, na nyuma yake vitanda na masufuria ya watu vilikuwa bado vimerundikwa nje. Tulipotokea na ungo, wanawake walipiga vigelegele. Bibi Maendeleo akafunua kanga. Vigelegele vikakatika, kwanza vya walio mbele, kisha vya walio nyuma.

Mama Zaina akaja akifuta mikono. Aliitazama baraza, akautazama mlango, akainama akaangalia hata upande wa nyuma, ambako Bibi Maendeleo hakuwa amesahau kale kadirisha ka jikoni. Hakuna kitu alichokuwa amesahau safari hii. Mama Zaina akainuka.

"Na hii," akauliza, "mtaibomoa lini?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Kisha akarudi kwa wageni wake, na shangazi za bwana harusi wakaikata ile keki kwa haraka haraka wakawagawia watoto. Bibi Maendeleo alinishika kiwiko njia nzima ya kurudi, akanibana mpaka pakabaki alama.

Baada ya hapo Mama Zaina hakumgombeza wala hakumsema kwa watu. Alimsalimia vizuri kama wengine wote wanavyosalimia, "Hujambo Bibi Maendeleo," akapita. Siku za soko tuliisikia sauti yake barabarani. Bibi Maendeleo alikuwa akisimama, anafunga kanga vizuri, anaangalia kama kigoda ni kisafi. Sauti inapita, anakaa. Nilitamani mara nyingi kumfuata yule mama nimwambie atukane, apige, afanye lolote lakini aingie. Niliogopa kuharibu zaidi.

Keki aliendelea kuzifanya, ila hakuuliza tena mtu anapenda nini. Alifanya duara. Watu walinung'unika, wakasema Bibi amezeeka. Mimi aliniuliza swali moja tu, tukifua, tukipepeta mchele, wakati wowote. "Mwalimu, unafikiri ataniita?" Nilijibu ndiyo kila mara, nikaanza kulichukia jibu langu.

Nikahamishiwa Handeni nikafundisha huko miaka kadhaa. Niliporudi Masuguru likizo moja, nilimkuta amestaafu, nywele nyeupe, anazunguka chumbani kama aliyepoteza ufunguo. Zaina alikuwa amepita kumpa salamu kutoka kwa mama yake. Mjukuu mkubwa amehitimisha Kurani, kutakuwa na sherehe ndogo, na Bibi Maendeleo aje na keki.

"Keki gani?" nikauliza.

"Hakusema! Amesema keki." Akazunguka chumba tena. "Nifanye nini, mwalimu? Msahafu?"

"Msahafu utakatwaje kwa kisu? Dada, utatuua."

"Basi kibao cha kuandikia. Hapana. Mnazi? Kwao hakuna mnazi." Akakaa, akasimama. "Chochote nitakachoweka, nitakosea."

Alipika keki ya duara, nyeupe, bila ua wala mstari. Hata pembeni aliifuta ikawa laini. Njiani kwenye basi aliipakata, na kila shimo barabarani alifumba macho.

Nyumba mpya ya Mama Zaina pale kijijini ilikuwa imepigwa lipu, na mipapai mbele yake ilikuwa inazaa. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda, anatembea akijishika kiuno. Bomba la maji lilikuwapo, tena lilikuwa na maji. Alitukaribisha ndani. Wageni walikuwa wachache, na mjukuu aliyesherehekewa alikuwa kijana mrefu aliyeona haya. Bibi Maendeleo akaweka keki mkekani akafunua kanga.

Mama Zaina akainama, akaiangalia mpaka upande wa nyuma.

"Haina kitu."

"Haina."

"Ulikuwa huna sukari?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa?"

"Nakuogopa," Bibi Maendeleo alisema. "Nakuogopa tangu siku ile."

Watu wote mle ndani walitazama chini. Mama Zaina akaomba kisu. Akaikata mwenyewe, polepole, kipande cha mjukuu kwanza, kisha kikubwa akakiweka kwenye sahani mbele ya Bibi Maendeleo, na chake akakishika mkononi.

"Uliniambia nikuamini," akasema. "Hasira yangu iko pale pale, usije ukadhani imekwisha. Lakini nimezeeka, na watu wa kukaa nao hawajaongezeka. Kula."

Bibi Maendeleo akala. Baadaye walizungumza juu ya miguu inayouma na bei ya mafuta ya taa, kwa Kizigua, na mara moja nilimsikia Mama Zaina akimsahihisha.

Tulipoondoka jua lilikuwa bado juu. Tulipofika barabarani akanigeukia.

"Ulimwona?" akaniuliza. "Kipande chake alikimaliza?"

"Alikimaliza."

"Chote?"

"Chote, dada."

Tukasimama kungoja basi. Lori la mkonge likapita, likatujaza vumbi, naye hakujali hata kufunika uso.

"Au alimpa mjukuu?"

"Alikula mwenyewe. Nilikuwa namtazama yeye tu, sikutazama kitu kingine."

Akakaa kwenye ukingo wa barabara, miguu ameinyoosha mbele yake, akalia mpaka basi likafika.